SOMO: Sakafu ya gereji ya nyumbani, upake nini na upake vipi

Wakuu, wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya sakafu iliyobanduka na swali lilelile: "Nipake rangi gani?" Naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nakuelekeza huku.

Kwanza, kuchagua.

Rangi ya mafuta ni ya bei nafuu, lakini zege ni alkali. Likiwa na unyevu, alkali hiyo inaigeuza rangi kuwa kitu chenye asili ya sabuni, ikawa laini na kunata. Kwa gereji, hapana.

Epoksi ya makopo mawili ni ngumu, oili haipenyi, unafuta tu. Inaogopa vitu viwili: jua, linaloigeuza njano, na maji yanayopanda kutoka chini. Mlangoni penye jua ipake juu yake poliyurethini, rangi ngumu ya aina inayostahimili jua.

Dawa ya kupenya, zile za saileni na siloksani, inaingia ndani ya zege na haiachi ngozi juu. Haing'ai, na oili ikilala usiku doa litabaki. Lakini haibanduki, kwa sababu hakuna cha kubanduka.

Kama shida yako ni vumbi la saruji tu, dawa ya silikati inatosha. Inakaza uso wa zege na habari imeisha.

Msimamo wangu: kama fundi hakutandika nailoni chini ya zege, na nyumba nyingi tunazojenga kidogokidogo hazina, epoksi iache mpaka sakafu yenyewe ithibitishe kuwa ni kavu.

Hatua, kwa anayepaka epoksi:

1. Toa vitu vyote, fagia.

2. Sugua mafuta kwa sabuni ya unga na maji ya moto, suuza. Sakafu ikikauka dondosha maji: yakinywewa vizuri endelea, yakisimama kama matone rudia.

3. Pima unyevu. Kata nailoni angavu sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa solotepu pana pande zote nne pasiwe na upenyo, iache saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone kwa ndani, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, maji yanapanda. Usipime sehemu moja. Pima katikati, pima kando ya ukuta wa nje, pima karibu na bomba. Na usipime kiangazi peke yake! Kwa sisi wa Dar es Salaam, kipimo cha Septemba hakikwambii lolote kuhusu Aprili. Mimi nilipima katikati tu, tena kiangazi, nikafurahi, nikapaka. Masika ilipoingia upande wa ukutani ukatoa malengelenge, ukiyatoboa yanatoka maji. Kubandua ni kazi mara tatu ya kupaka. Kwa hiyo pima masika, paka Julai au Agosti. Zege jipya lisiguswe kabla ya siku 28, na hata baada ya hapo lipime kama mengine.

4. Kwangua. Kama sakafu ina niru, ule uji wa saruji unaosuguliwa juu ya zege, niru yote itoke. Epoksi itashika niru vizuri sana, halafu niru itaachia zege na vyote viwili vitainuka pamoja. Tumia grenda yenye diski ya almasi ya zege. Mafundi wengine wanakodisha. Ukipitisha kiganja sakafu ikwaruze kama msasa. Barakoa ya vumbi ni lazima, ya kitambaa haitoshi, lile vumbi linaharibu mapafu. Asidi siipendi kwa gereji iliyoshikana na nyumba: mvuke wake unatia kutu vifaa na gari. Ukiamua kuitumia, maji yatangulie kwenye ndoo, asidi ndiyo imwagwe kwenye maji. Ukigeuza itakurukia usoni. Ukimaliza ua makali kwa magadi, suuza, kausha siku kadhaa.

5. Ziba mashimo na nyufa zisizocheza.

6. Changanya na upake. Vipimo vya hadina, lile kopo la pili linalogandisha, ni vya kwenye kopo, si vya macho. Kuzidisha hadina hakukaushi haraka, kunakuachia sakafu inayonata. Na usiiache kwenye ndoo unatafuta rola: ikiwa nyingi mahali pamoja inajipasha moto yenyewe na kuganda mikononi mwako. Muda ulioandikwa kwenye kopo mara nyingi ni wa nyuzi 20 hadi 25. Kwenye nyuzi 30 na zaidi upunguze sana. Imwage sakafuni kwa mistari, isambaze, pitisha rola. Anza saa nane mchana, siyo asubuhi. Zege linalopata joto linatoa hewa, ndizo zile vipovu. Ila umalize mapema, umande wa jioni ukiishika mbichi unaacha ukungu mweupe juu.

Kiasi: epoksi isiyo na thina, lita 1 hupaka mita 4 za mraba kwa unene wa milimita 0.25. Gereji ya mita 3 kwa 6 ni lita 4.5 kwa mkono mmoja. Piga mikono miwili.

7. Kutembea baada ya siku moja, gari baada ya siku saba.

MASWALI

Kijana wa Tegeta: Mkuu nina gereji, nipake rangi gani?

Mwandishi: Hatua ya 3. Ukishapima rudi.

Kijana wa Tegeta: Sina muda wa kupima, nitajie tu jina la rangi.

Mwandishi: Basi usipake kitu.

Mama Nusra: Asalaam aleikum. Sakafu yetu hapa Unguja hutoa unga mweupe kila baada ya mvua. Nikiosha unapotea, ikikauka unarudi. Ndio unyevu huo?

Mwandishi: Waaleikum salaam dada. Ndio wenyewe, swali zuri. Maji yanapanda na chumvi ya ndani ya zege au udongo, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki. Usioshe: ukiosha unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Isugue kwa brashi kavu, izoe. Kisha angalia maji ya paa yanaangukia wapi, mtaro unaelekea wapi, bomba linavuja au la. Ukipaka epoksi juu yake, chumvi itakomaa chini na kuiinua. Tibu chanzo, subiri iache kurudi, halafu dawa ya kupenya.

Chuma Chakavu: Usiwatishe watu. Nimepaka juu ya niru bila kukwangua, mwaka wa pili huu, safi kabisa.

Mwandishi: Gari unaingiza humo?

Chuma Chakavu: Hapana, naweka magunia ya mahindi.

Mwandishi: Haya.

Kibaha Kwetu: Yangu iko safi kote isipokuwa sehemu nne za tairi. Kwa nini pale tu?

Mwandishi: Tairi likitoka barabarani ni la moto. Linalainisha rangi, na mafuta yaliyomo kwenye mpira yanasaidia kuilainisha. Likipoa linasinyaa huku limeishika, linaivuta. Palipokwanguliwa vibaya ndipo panapoachia. Kwangua viraka hivyo mpaka zege, paka upya. Kama gari liliingia kabla ya siku saba, sababu unayo.

Baba Shani: Nimeambiwa niongeze thina iende mbali zaidi.

Mwandishi: Thina inapaa, Baba Shani. Inayobaki sakafuni ni rangi ileile, nyembamba zaidi. Aliyekwambia anauza thina?

Baba Shani: 😂 Ndiyo. Na pikipiki je? Stendi inatoboa.

Mwandishi: Weka kipande cha ubao chini ya stendi. Oili ikimwagika, maranda ya mbao juu yake, lala, fagia asubuhi.

Mama Nusra: Na utelezi, fundi? Kuna mzee nyumbani.

Mwandishi: Mkono wa kwanza ukiwa mbichi nyunyiza mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa. Ukikauka fagia uliolegea, kisha mkono wa pili.

Kijana wa Tegeta: Mchanga wa baharini si uleule?

Mwandishi: Una chumvi. Msome Mama Nusra hapo juu.