Kufuatilia asili ya watu wa Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, shamba kwa shamba

Usianze na swali la kabila. Tangu mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992, mzee akiulizwa hivyo huwaza kwanza umetumwa na nani. Mimi huuliza, "Mzee, mlipoingia hapa, shamba hili lilikuwa la nani?" Hapo utasikia habari za mzungu, za nyapara wake, na za hisa zilivyonunuliwa.

Kisha omba makaratasi, kwa adabu na bila haraka. Ukibahatika utaonyeshwa kipande cha babu, cheti cha utambulisho cha wakati wa ukoloni, ambacho kuanzia 1920 wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikebe. Humo mna kwao alikotoka na waajiri aliowatumikia. Daftari la wanachama wa ushirika au kampuni iliyonunua shamba baada ya uhuru nalo lina uzito wake, maana watu walichanga pesa na jamaa zao, wakahama pamoja.

Makanisa yatakudokezea, ila usiyategemee sana. Kanisa la Marafiki (Quakers) huelekeza kwenye misheni ya Kaimosi, PAG (Pentecostal Assemblies of God) kwenye misheni ya Nyang'ori, na PCEA (kanisa la Presbyterian) kwa Wakikuyu.

Wasabaot walichunga ng'ombe hapa kabla ya walowezi, kwa hiyo usiwaandike kama wahamiaji wengine. Tafuta ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Carter ya 1932, tume ya serikali ya kikoloni kuhusu ardhi, uliochapishwa kwa majuzuu matatu. Mahali pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi.

Kazi tamu zaidi, kwangu, ni marika, yaani makundi ya waliotahiriwa kipindi kimoja. Wabukusu hutahiri katika miaka ya shufwa, hivyo mzee asiyejua mwaka aliozaliwa atakutajia aliotahiriwa nao, nawe utahesabu kurudi nyuma. Halafu linganisha majina ya marika: Wabukusu wana Maina, Chuma, Sawa na Kolongolo, Wasabaot wana Maina, Chumo, Sowe na Korongoro. Majirani hawa wamechanganyikana muda mrefu kuliko siasa za uchaguzi zinavyotaka tuamini. Basi kila ukoo unaoutembelea, uliza pia wanawake walioolewa humo walitoka wapi. Mara nyingi wanaume hutaja upande wa baba tu, na mama mkongwe aliyekaa pembeni ndiye atakayewasahihisha.

Sensa ya 2019 itakupa idadi ya watu, 990,341, lakini jedwali lake la makabila lilitolewa kwa nchi nzima. Kwa takwimu za wilaya, rudi kwenye sensa ya 1989.