SOMO: Wanafunzi watengeneze video fupi za maisha yao (sauti kwanza)

Nimechoka kuulizwa inafaa kamera gani. Simu moja ya mwalimu inatosha darasa zima. Soma mpaka mwisho ndipo uulize.

1. Wazazi wasaini ridhaa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019.

2. Kila mmoja achague kisa kimoja. "Naitwa fulani, nasoma kidato cha pili, napenda wali" hapana. Anavyogombania baiskeli na kaka yake kila asubuhi, hapo sawa.

3. Aandike, asome kwa sauti. Ikizidi dakika mbili, apunguze.

4. Sauti. Kazi nyingi hufia hapa. Msirekodi uwanjani: upepo ukiingia kwenye maikrofoni unabaki na fuuu tupu, maneno hayarudi. Darasa la sakafu ya saruji na bati lisilo na dari lina mwangwi, na mvua ikianza ndiyo basi. Nendeni stoo ya vitabu au bwenini kwenye magodoro. Msomaji ajifunike blanketi, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo ili "p" na "b" zisilipuke. Washa hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati. Rekodi sekunde kumi, sikiliza kwa earphone, ndipo uendelee. ONYO: ukirekodi darasa zima bila kusikiliza, jiandae kurudia darasa zima.

5. Picha zifuate sauti. Futa lenzi, laza simu kwa upana, mwanga uwe mgongoni kwa mpigaji.

6. Hariri, weka nakala mbili.

MASWALI

– Mwalimu, kamera gani nzuri?
Mstari wa kwanza.

– Nikiweka singeli chini ya sauti si itachangamka?
Itammeza mtoto, na wimbo una mwenyewe. Badala yake rekodi mchi ukitwanga.

– Binti mmoja anataka kusimulia kifo cha mama yake. Nimzuie?
Asante kwa kuuliza. Usimzuie, usimsukume. Mkae faragha, akwambie nani aione na nani asiione. Mwalimu wa ushauri nasaha awe karibu anapoandika. Sura yake si lazima: mikono, kanga ya mama, jiko vinatosha. Akibadili mawazo hata siku ya maonyesho, futa. Na isiende kwenye grupu la wazazi.

– Simu ilale? Mbona TikTok inasimama?
Sisi tunaonyesha ukutani kwa projekta. Ninyi mkitazama kwenye simu, isimamisheni, ila msichanganye.

– Blanketi kwa joto la Dar, mwalimu! Sisi tunarekodi ndani ya gari lililozimwa, vioo juu.
Hiyo naichukua. Viti vinameza mwangwi kuliko stoo yangu. Msikae humo muda mrefu tu, na funguo itoeni, ile kengele ya mlango inaingia.