Mbwa Anayejikuna Bila Kukoma: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kila mbwa hujikuna mara chache kwa siku, na hilo halihitaji dawa. Anayehitaji kuchunguzwa ni yule anayeacha chakula ili ajikune, anayeamka usiku kujing'ata, au ambaye manyoya yake yamepukutika na ngozi kuwa nyekundu, nene au yenye magamba. Wenye mbwa wengi wakiona hivyo hukimbilia dukani kununua dawa yoyote, ilhali muwasho ni dalili ya maradhi mengi yasiyotibiwa kwa dawa moja: dawa ya viroboto haiponyi fangasi, na sindano ya kutuliza muwasho inaweza kumpa mbwa nafuu ya siku chache huku utitiri wa upele, yaani vijidudu vidogo sana, ukizidi kuzaliana chini ya ngozi.

Kwa hiyo anza kwa kumtazama kwa siku mbili au tatu, ukiandika anajikuna wapi hasa, muwasho ulianza lini, anakula nini, analala wapi, na kama kuna mnyama au mtu mwingine nyumbani anayewashwa. Mahali anapojikuna ndipo penye habari nyingi kuliko pengine pote.

Akijing'ata zaidi mgongoni karibu na mwanzo wa mkia na kwenye mapaja ya nyuma, watuhumu viroboto kwanza. Msimamishe juu ya shuka jeupe, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, kisha weka uchafu uliotoka kwenye karatasi laini iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikiacha doa la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, ambacho ni damu ya mbwa iliyosagwa. Usiridhike kusema hana viroboto kwa sababu tu hukumwona hata mmoja, kwani mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa vibaya hata akiumwa na wachache, na hao wachache huenda amekwisha kuwameza alipokuwa akijilamba. Ukiona vipande vyeupe mfano wa punje za mchele karibu na tundu la haja kubwa, ujue kuwa amepata pia tegu anayeenezwa na viroboto, hivyo atahitaji dawa ya minyoo.

Jambo linalowakatisha watu tamaa ni kwamba viroboto hurudi baada ya dawa. Sababu ni kwamba wale unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu ya kizazi chote. Mayai, mabuu na vifukofuko vyao vimo kwenye matandiko, nyufa za sakafu na mchanga wa kivulini anapolala, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku. Watibu mbwa na paka wote wa nyumbani siku moja, fua matandiko kwa maji ya moto na kuyaanika juani, fagia banda hadi pembeni, na uendelee hivyo kwa muda wa miezi 3 bila kuruka dozi.

Muwasho ulio mkali kuliko wote ni wa upele unaoletwa na utitiri, na huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole vyako: mbwa mwenye upele mara nyingi hurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna. Utitiri huu huweza kuwawasha watu pia, kwa hiyo vipele vidogo kwenye mikono ya mtoto anayembeba ni ushahidi wa kumweleza daktari. Vilevile, sampuli ya ngozi isipoonyesha utitiri haimaanishi kuwa haupo, kwa sababu hujificha sana. Ndiyo maana daktari anaweza kuamua kutibu kwa kufuata dalili.

Akitikisa kichwa na sikio likiwa na uchafu mweusi mfano wa unga wa kahawa, tatizo huenda ni utitiri wa masikio. Ngozi yenye mafuta na harufu nzito huelekeza kwenye fangasi au bakteria. Uvimbe kama jipu wenye tundu dogo katikati, hasa kwa mbwa anayelala kwenye mchanga, unaweza kuwa na buu wa nzi ndani yake.

Ukishawaondoa wadudu na bado anajilamba nyayo, anasugua uso na kujikuna makwapani, fikiria mzio wa vumbi, chavua au chakula. Mzio wa chakula haupimwi kwa kubahatisha. Ikiwa amezoea ugali uliopikwa na utumbo wa ng'ombe, mpe kwa wiki 8 nyama ambayo hajawahi kula, kwa mfano ya sungura, pamoja na viazi, bila maziwa wala mfupa anaorushiwa na watoto. Kisha mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirejea ndani ya wiki 2, umepata jibu.

Naomba sana usimpake oili chafu ya gari, jambo ambalo bado linafanyika katika mitaa yetu. Mbwa huilamba, na sumu yake humdhuru tumboni na kwenye ini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na sindano ya ivermektini (dawa ya kuua minyoo na wadudu) iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo mikubwa nazo zinaweza kumuua kwa kosa dogo la kipimo, na mbwa wa jamii ya collie huathirika hata kwa kiasi ambacho wengine hukistahimili. Dawa ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu iliyo sumu kwa paka, isimkaribie paka kabisa.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja iwapo ana vidonda vinavyotoa usaha, amekonda, ni mtoto wa miezi michache, au watu wa nyumbani wanawashwa. Chukua daftari lako na pakiti za dawa ulizokwisha kumpa, na usimwogeshe siku mbili kabla ya safari hiyo, kwa sababu sabuni huondoa kile ambacho daktari anakwenda kukitafuta.