Tembea na sumaku kabla ya kununua kipande cha gata

Ukibadilisha kipande kimoja tu cha gata (mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa), usikisie cha zamani ni cha nini, rangi hudanganya. Gusisha sumaku. Ikinata, yaelekea ni chuma kilichopakwa zinki. Isiponata na kipande ni chepesi, yaelekea ni alumini. Nunua cha aina hiyo hiyo, na riveti na vishikizo vinavyoendana nacho. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, ile dhaifu huliwa, na uharibifu huanzia kwenye tundu la riveti, pale pale usipopaona. Shaba ndiyo korofi kuliko zote: hata bila kugusana, maji yanayotiririka kutoka paa la shaba hula gata ya zinki au alumini iliyo chini yake.

Sumaku hushindwa kwa chuma kisichoshika kutu (stainless), maana aina zake nyingi hazivutwi, na kwa plastiki iliyopakwa rangi (hiyo igonge kwa ukucha, utaijua). Na bisibisi ikizama kwenye ubao unaobeba gata, ubao umeoza, sahau gata kwanza. Badilisha ubao.