Kabla ya kukubali upasuaji wa kifafa, ulizia kumbukumbu

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande una hipokampasi, inayotunga kumbukumbu mpya, na mbele yake amigdala, ndogo kama lozi, inayowasha hofu. Kifafa kisichosikia dawa mara nyingi huanzia hapo, na daktari anaweza kushauri sehemu hiyo ikatwe. Hapo ndipo familia inapaswa kutulia na kuuliza.

Agosti 1953, huko Hartford, Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alikatwa sehemu hizo pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Lakini mpaka anafariki mwaka 2008, mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, kwake alikuwa mgeni. Ndiyo maana leo hukatwa upande mmoja tu, tena baada ya vipimo.

Kwanza hakikisheni dawa zimepewa nafasi: angalau mbili zinazofaa, zimemezwa kwa kipimo sahihi bila kurukaruka. Kisha andikeni kila kifafa kinavyoanza. Hofu ya ghafla isiyo na sababu, kitu kupanda kutoka tumboni kuja kooni, au kuhisi kwamba jambo hili lilishatokea: hizo si habari za mapepo, ni ishara zinazomwelekeza daktari mahali penyewe. Mkiweza, rekodini kwa simu.

MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, na kipimo cha umeme wa ubongo vitafanyika tu. Msichoruhusu kirukwe ni kupima kumbukumbu kabla ya kisu. Ulizeni waziwazi: ni upande gani? Kwa watu wengi upande wa kushoto ndio unaobeba maneno na majina, na mgonjwa ambaye kumbukumbu yake bado ni nzuri ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Mwalimu au karani alipime hilo kwa kazi yake. Ulizeni pia upande utakaobaki una nguvu kiasi gani.

Kama mgonjwa amewahi kuzama kwenye huzuni nzito, semeni, kwa sababu hisia zinaweza kuyumba baada ya upasuaji. Dawa zisiachwe kwa uamuzi wa nyumbani, kabla wala baada. Wengi huendelea kuzimeza kwa muda hata kifafa kikinyamaza.

Na siku ya kuzungumza na daktari, mgonjwa mwenyewe awepo na aulize. Kumbukumbu ni zake.