Kupaka paa la bati rangi nyeupe ili joto lipungue ndani

Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua, ila joto linaloingia huliachia kwa shida, ndiyo maana Februari saa nane mchana Dar es Salaam huwezi kuligusa. Rangi nyeupe hurudisha jua na kuachia joto pia. Maruni na kijani kibichi, zinazopendwa sana mitaani, hulinyonya.

Kazi nyingi huharibikia kwenye usafi. Mwagia bati maji: yakijikunja matone kama juu ya jani la mgomba, bado lina mafuta ya kiwandani. Sugua kwa sabuni ya unga na brashi, suuza, rudia mpaka maji yatandae. Karibu na bahari suuza mara 2, na maji ya kisima cha chumvi yasitumike. Penye kutu piga brashi ya waya, kisha praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Misumari iliyolegea ibadilishwe kabla ya rangi.

Tafadhali usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki inayofunika bati. Hizo mbili hutengeneza utando kama sabuni katikati, na rangi hubanduka kwa magamba. Nunua rangi nyeupe ya maji, akriliki ya nje.

Paa la mita za mraba 100, ukihesabu migongo ya bati, hufika kama 110. Lita 1 hufunika mita za mraba 8 hivi kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi. Mikono 2 ni lita 28: ndoo ya lita 20 na makopo 2 ya lita 4.

Anza umande ukishakauka, acha kupaka bati likianza kuchoma kiganja, maana rangi hukauka kabla ya kushika na kutoa mapovu. Jioni umande huiharibu ikiwa mbichi. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati. Katikati bati hubonyea na maji yatatuama hapo.

Kama unakinga maji ya mvua, chomoa bomba la tangi, mvua za kwanza zipite.

Chini ya paa, acha matundu pande zote mbili za dari, yenye wavu, hewa ya moto itoke. Kila mwaka vuli ikiisha, osha vumbi na ukungu mweusi.