Shamba la Pwani: ijue wilaya kabla hujalipa

Mkazi wa Dar es Salaam anayetafuta shamba hutazama pande mbili kwanza: Mkuranga, kwa Barabara ya Kilwa kutokea Mbagala, na Kisarawe, kwa kupitia Gongo la Mboto na Pugu. Dalali atakuonyesha mpaka na kukutajia bei. Ardhi ni ya nani, nani ana kauli juu yake, maji yako wapi, majirani wanaishi vipi: hayo utayatafuta mwenyewe, na pesa za watu wengi hupotelea hapo.

Nani mwenye kauli

Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, na hagawi mashamba. Idara ya ardhi na ya kilimo ziko halmashauri ya wilaya, chini ya mkurugenzi mtendaji. Zinafuata kata, kijiji na kitongoji.

Anzia idara ya ardhi. Uliza kama eneo bado ni ardhi ya kijiji au limeshatangazwa kuwa eneo la mipango miji, maana karibu na barabara kuu utaratibu huwa mwingine kabisa. Uliza na hifadhi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na Vikindu upande wa Mkuranga, ni hifadhi. Hakuna barua ya mwenyekiti inayoweza kuigeuza shamba. Kando ya bahari na mito kuna ukanda wa mita 60 unaolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Kama ni ardhi ya kijiji, inakuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, haiwezi kukugawia ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ukinunua kwa mwanakijiji mwenye shamba lake, mauziano yanahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji. Kwa vyovyote, mhuri wa mwenyekiti peke yake haukukingi. Omba nakala ya muhtasari wa kikao wenye jina lako, ukubwa wa shamba na majina ya majirani wa pande zote nne. Ukiombwa ada ya kijiji, lipa ofisini na udai risiti.

Omba pia kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, kama upo. Humo utaona maeneo ya kilimo, makazi, malisho na msitu. Ukinunua kwenye malisho, ng'ombe watapita katika mihogo yako na kijiji kitasimama upande wa mfugaji.

Ekari ya hatua

Vijijini ekari hupimwa "sabini kwa sabini", na ugomvi mwingi huanzia hapo. Sabini za nini? Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6. Ikipimwa mita 70 kwa 70, umepata 4,900, umezidishiwa. Lakini mpimaji mwenye hatua ya sentimita 75 atakupa mita 52.5 kila upande, jumla kama 2,756: karibu theluthi moja ya ekari haipo. Nenda na futi kamba ya mita 50, pima pande zote nne mbele ya majirani, na uandike mita kwenye mkataba. Neno "ekari" peke yake halitoshi.

Udongo, maji na mikorosho

Nenda mara mbili. Aprili au Mei, wakati wa masika, utajua kama bonde linafurika na kama gari linafika. Septemba utajua kama kisima kina maji. Onja pia, kwani karibu na pwani mengi yana chumvi. Sehemu kubwa ya Mkuranga ni kichanga: mihogo, minazi, mikorosho na minanasi hukubali, mahindi huteseka mvua ikikatika.

Mikorosho mipya hupandwa mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari. Ukikuta 60 imebanana, usihesabu mavuno kwa idadi ya miti, kwani matawi yanayogusana huzaa kidogo. Korosho huuzwa kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kwa stakabadhi ghalani: unakabidhi mzigo ghalani na kupewa risiti, na pesa huja baada ya mnada. Anayekuja usiku na kopo la kangomba, yaani kununua korosho kwa kificho nje ya mfumo huo, anakupunja, na biashara yake imekatazwa.

Wenyeji na miti yao

Wazaramo ndio wenyeji wa sehemu hizi, na mashamba mengi ni ya urithi. Kama mwenye shamba alifariki, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, kisha sahihi za warithi. Kama muuzaji ana mke au mume, naye asaini.

Halafu uliza kuhusu miti. Katika mwambao, mnazi au mwembe unaweza kuwa wa mtu tofauti na mwenye ardhi. Mnunuzi asiyeuliza hushangaa mzee akiingia kuangua nazi, na mzee ana haki yake. Zungukeni shamba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani, mhesabu kila mnazi, mwembe na mkorosho, mwandike ni wa nani. Tafuteni makaburi ya zamani yaliyofunikwa na majani, myatenge nje ya eneo la mauziano na kuacha njia ya kuyafikia. Orodha hiyo iambatishwe kwenye mkataba kabla fedha haijatoka benki.